Alama ya Shuke Juu ya Mbao na Ujirani wa Mipakani

Askari anapokabidhiwa sanduku la risasi hulitazama kwa mambo matatu: idadi, aina na lakiri. Kama lakiri haikuvunjwa na idadi imetimia, hutia sahihi na kulipokea. Ubao uliotumika kulitengeneza sanduku hilo haumshughulishi. Risasi zikishatolewa, sanduku huwa kiti cha mlinzi wa zamu, au huwa kuni za jikoni.

Hivyo ndivyo walivyofikiri maofisa ugavi wa majeshi ya washirika yaliyoteremka kusini mwa Ufaransa mwezi Agosti 1944. Yaliyomo ndani ya masanduku yao yalihesabiwa barabara. Kilichokuwemo ndani ya mbao zenyewe hakikuhesabiwa na mtu. Wataalamu wa magonjwa ya miti walikuja kueleza baadaye kwamba baadhi ya masanduku hayo ya silaha yalitengenezwa kwa mbao za mti uitwao platani, uliokatwa Marekani, na kwamba ndani ya mbao hizo ilijificha kuvu. Huko Marekani mti na kuvu hiyo vimeishi pamoja kwa muda mrefu, na mti umejifunza kuivumilia. Platani za Ulaya hazikuwa na kinga yoyote.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Masanduku yalikwisha kuvunjwa na kuchomwa. Kuvu ilibaki. Kutoka pwani ya Marseille ilisafiri polepole, kwa misumeno ya wakata matawi, kwa majembe ya wachimba mitaro, na kwa maji. Mwaka 2006, baada ya miaka zaidi ya 60, ikagunduliwa kando ya mfereji uitwao Canal du Midi. Mfereji huo ulichimbwa katika karne ya 17, una urefu wa kilometa 240 hivi, na kingo zake zilitiwa kivuli na platani zipatazo 42,000. Ugonjwa huo hauna dawa. Mti ukishaugua hukatwa pamoja na jirani zake walio wazima, ukachomwa moto papo hapo. Maelfu kwa maelfu ya miti hiyo imekwisha kuangushwa. Katika orodha ya hasara za vita vile, hasara hii haikuandikwa, na bado inaongezeka.

Swali ni hili: je, askari au polisi wa Afrika Mashariki, aliyesimama langoni mwa bandari au kwenye kizuizi cha mpakani, ana shughuli gani na ubao? Ana shughuli kubwa, na hasa kwa ajili ya nchi jirani.

Karibu kila shehena isafirishwayo duniani hukalia mbao. Mashine hufungiwa ndani ya kreti. Magunia na maboksi hupangwa juu ya majukwaa ya mbao yaitwayo paleti, ili gari la kunyanyulia lipate pa kuingiza meno yake. Melini hutumika magogo na vipande vya ubao kukazia mzigo usiyumbe. Mbao za kazi hii aghalabu ni zile ambazo fundi seremala amezikataa: changa, mbichi, zenye magome na nyufa. Hakuna atakayenunua ubao wa thamani ili aufungie bomba la maji. Na humo katika ubao hafifu, chini ya gome, ndimo bungua hutaga mayai yake na mabuu wake hulala miezi mingi wakisafiri bila pasi wala viza.

Kwa miaka mingi serikali za dunia hazikulijali jambo hili. Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea ulipitishwa mwaka 1951 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lakini nguvu zake zilielekezwa kwenye mbegu, miche na nafaka. Hofu iliingia katika miaka ya 1990. Mwaka 1996 mbawakawa mkubwa mweusi mwenye madoa meupe, mwenyeji wa Asia ya Mashariki, alikutwa akitoboa miti ya barabarani huko Brooklyn, New York. Mwaka 1998 akaonekana Chicago. Mwishoni mwa mwaka huo Marekani iliamuru kwamba mbao za kufungia bidhaa zitokazo China zitibiwe kabla ya kupakiwa. Nchi nyingine nazo zikaanza kutoa amri, kila moja kwa namna yake, hata mfanyabiashara mwenye kreti moja akawa hajui aifuate sheria ya nani. Hatimaye, mwezi Machi 2002, nchi za mkataba zilikubaliana juu ya kanuni moja, Kanuni ya Kimataifa namba 15.

Masharti ya kanuni hiyo si mengi. Ubao uondolewe gome. Kisha utibiwe kwa njia iliyokubaliwa. Njia kuu ni tanuri la joto: ubao upate joto la nyuzi 56 za Selsiasi, mpaka ndani ya kiini chake, kwa dakika 30 mfululizo. Neno kiini ndilo lenye uzito. Hewa ya tanuri yaweza kufika nyuzi 70 huku moyo wa ubao mnene ukiwa bado baridi, na buu aliye humo akiendelea na usingizi wake. Kwa hiyo kipimajoto hupenyezwa ndani ya ubao mnene kuliko wote, na dakika huanza kuhesabiwa huko. Njia ya pili ni kufukiza kwa gesi ya methili bromaidi, kwa muda usiopungua saa 24, na kwa ubao usiozidi unene wa sentimeta 20, maana zaidi ya hapo gesi haifiki. Njia nyingine mbili ziliongezwa baadaye, moja ya mawimbi ya umeme na nyingine ya gesi ya aina tofauti. Mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi na joto, kama zile zilizotumika kutengenezea masanduku ya chai ya zamani, hazihusiki, wala ubao mwembamba usiozidi milimeta 6.

Ubao ukishatibiwa hupigwa alama, na alama hiyo ndiyo ambayo kila mlinzi wa lango anapaswa kuijua kama anavyozijua tepe za cheo. Upande mmoja pana picha ya shuke la ngano, na kando yake herufi IPPC. Upande wa pili pana herufi mbili za nchi: TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, UG kwa Uganda, CN kwa China. Hufuata namba ya kiwanda kilichoidhinishwa, na mwisho herufi za njia ya tiba: HT kwa joto, MB kwa methili bromaidi. Alama isiandikwe kwa mkono. Isipigwe kwa rangi nyekundu wala ya machungwa, kwa sababu rangi hizo hutumika kuonya juu ya mizigo ya hatari. Iwe ya kudumu na isomeke, na ifaavyo ionekane pande mbili za mzigo zinazoelekeana.

Alama hiyo ni neno la serikali. Kiwanda hakijipi chenyewe. Hupewa idhini na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yake. Nchini Kenya ni KEPHIS. Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Paleti yenye herufi TZ ikifika Kigali au Lusaka, ni Tanzania inayosema kwamba ubao huu umetibiwa. Anayeigushi alama hiyo hatofautiani na anayegushi hati ya kusafiria, na anastahili kutazamwa na polisi kwa jicho lile lile.

Ndugu wasikilizaji, historia ya Ureno na Hispania yatosha kuonyesha gharama ya jambo hili kwa nchi mbili zinazopakana. Mwaka 1999 misonobari iliyokuwa ikikauka karibu na Setúbal, kusini ya Lisbon, ilipimwa, na ndani yake wakakutwa minyoo wasiofika urefu wa milimeta 2, wanaoziba njia za maji za mti. Minyoo hao asili yao ni Amerika ya Kaskazini, na walikwisha kuangamiza misonobari ya Japani katika karne ya 20. Hawana miguu wala mabawa. Hubebwa na mbawakawa arukaye kutoka msonobari hadi msonobari. Wataalamu wanaamini kwamba huko Ureno waliingia ndani ya mbao za kufungia bidhaa.

Ureno haikulala. Mwaka 2007 ilifyeka mkanda usio na msonobari hata mmoja, wenye upana wa kilometa 3 na urefu wa kilometa zaidi ya 400, kuuzunguka mkoa ulioambukizwa. Mwanajeshi atautambua mpango huo mara moja: ni eneo la wazi mbele ya mahandaki, ili adui asipate pa kujificha anapovuka. Lakini mwaka 2008 minyoo ile ile ilikutwa katikati ya Ureno, mbali nje ya mkanda. Haielekei kwamba mbawakawa aliruka umbali wote huo. Ubao uliopakiwa kwenye lori hauhitaji kuruka. Mwaka huo huo mti wenye ugonjwa ukapatikana ndani ya Hispania, na kwa muda mfupi Ureno ikatakiwa kutibu na kupiga alama mbao zake za kufungia hata kwa bidhaa zilizokwenda kwa wenzake wa Umoja wa Ulaya, ambao kwa kawaida hawadaiani alama hiyo. Kilometa 400 za ufyekaji zilishindwa na paleti.

Hapo pana jambo la kufikiriwa na jumuiya yetu wenyewe. Nchi zilizo jirani huvutwa kusameheana masharti. Marekani na Kanada zilisameheana sharti hili kwa bidhaa zinazopita baina yao. Lakini mwaka 2002 bungua wa kijani kutoka Asia, anayeua miti ya Amerika iitwayo ash, aligunduliwa Detroit upande wa Marekani, na mwaka huo huo akagunduliwa Windsor upande wa Kanada, ng'ambo tu ya mto. Tangu hapo ameua miti makumi ya mamilioni. Kusamehe jirani ni tendo jema pale ambapo nyumba zote mbili ni safi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Wazee wa Tabora wanamkumbuka dumuzi. Mdudu huyo wa Amerika ya Kati aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakulima wengine wakamwita Scania, kwa jina la malori. Ni kweli kwamba anajulikana kuwa alikuja na nafaka wala si na kreti, na haki itendeke kwa kreti. Lakini ukoo wake ni ukoo wa wadudu watoboa mbao, naye huweza kuishi katika ubao na miti mikavu ghala linapokuwa tupu. Mwaka 1983 alikwisha kuvuka mpaka na kuonekana Taveta, nchini Kenya. Mwaka 1984 alikuwa Burundi. Katika miaka ya 1990 akawa ameingia Rwanda, Malawi, Zambia na Uganda. Mtu akitazama ramani na kuweka kidole juu ya miji hiyo, ataona barabara kuu na reli zile zile zinazobeba shehena ya bandari. Vizuizi vyote vilikuwepo. Askari walikuwepo, na lakiri zilikuwa nzima.

Bandari ya Dar es Salaam ni mlango wa Zambia, Kongo, Burundi, Rwanda, Malawi na Uganda, kama Mombasa ilivyo mlango wa Uganda na nchi zilizo nyuma yake. Nchi isiyo na pwani haiwezi kuweka mkaguzi wake melini. Inategemea jicho la mwenye pwani. Shehena ipitayo hutiwa lakiri ya forodha, ikaondoka hivyo hadi Rusumo, Kabanga, Mutukula au Tunduma, na mara nyingi ubao uliobeba mali hiyo huonekana kwa mara ya kwanza pale mzigo unapofunguliwa Kigali au Bujumbura. Mali huenda dukani. Ubao hubaki uani, ukageuzwa kitanda, banda la kuku au uzio, kandokando ya migomba na mikaratusi. Kwa Tanzania yenyewe hatari si ndogo. Huko Sao Hill, wilayani Mufindi, kuna shamba kubwa la misonobari, na nyigu wa misonobari atokaye Ulaya alikwisha kuonekana karibu na Cape Town mwaka 1994 na kuenea katika misitu ya Afrika Kusini.

Wapo wasemao kwamba kanuni hii ni mzigo mwingine waliotwishwa maskini. Seremala mdogo wa Keko au wa Gikomba hawezi kununua tanuri, na paleti yake haiwezi kwenda nje. Hoja hiyo ina ukweli, na njia yake ni mafundi kuungana na kupeleka mbao zao kwenye tanuri moja lililoidhinishwa. Lakini hii ni moja kati ya kanuni chache za biashara zinazokata pande zote mbili. Kreti itokayo Hamburg, Shanghai au New York inapaswa kuja Dar es Salaam na alama ile ile. Mwenye nguvu akituma ubao mchafu, dola ndogo ina haki ya kuukataa kwa karatasi ile ile aliyotia sahihi mwenye nguvu. Haki hiyo hupotea siku ambayo hakuna atazamaye.

Ujanja uko wa namna nyingi. Yuko apigaye alama ya bandia kwa bati lililokatwa na kopo la rangi. Yuko anunuaye paleti kuukuu zenye alama, akabadilisha mbao zilizovunjika kwa mbao mbichi, akaiacha alama ya kwanza iseme uongo. Kanuni inasema wazi: mbao zilizobadilishwa zikizidi theluthi moja, alama zote za zamani zifutwe na paleti itibiwe upya, zikiwa chini ya hapo, kila ubao mpya uwe umetibiwa na uwe na alama yake. Kwa hiyo paleti yenye ubao mmoja mweupe katikati ya mbao zilizofifia haipaswi kupita bila kuulizwa. Gome nalo lina kipimo. Kipande chenye upana usiofika sentimeta 3 kinaruhusiwa, hata kikiwa kirefu. Kikizidi upana huo, eneo lake lisifike sentimeta 50 za mraba.

Askari asiwe mwepesi wa kuhukumu vile vile. Tundu la zamani si ushahidi, kwa kuwa tiba huua mdudu wala haizibi shimo lake. Ushahidi ni unga mpya wa mbao unaoanguka ubao unapogongwa, au mdudu aliye hai.

Jambo moja zaidi linawahusu polisi kuliko wengine, nalo ni la uhai wao. Katika kutafuta magendo, askari huvunja lakiri akaingia ndani ya kontena. Kama kontena hilo lilifukizwa na halikupigwa hewa ya kutosha, gesi ingali humo. Methili bromaidi haina rangi, na kwa kiasi kidogo haina harufu. Ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu, hivyo hutulia chini na pembeni. Huvutwa bila mtu kujua, na madhara yake kwenye mapafu na mishipa ya fahamu huweza kuja baada ya saa kadhaa. Kontena lenye onyo la kufukizwa lisiingiwe mpaka mwenye kipimo amelipima. Lisilo na onyo nalo lifunguliwe milango yote, likaachwa lipate hewa, kabla ya mtu kuingiza kichwa.

Na majeshi yenyewe ni wasafirishaji wa ubao. Mwaka 2013 wanajeshi wa Tanzania, pamoja na wenzao wa Malawi na Afrika Kusini, walipelekwa mashariki ya Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Vikosi vya namna hiyo huenda na zana na hurudi na zana, na zana hukaa ndani ya kreti. Kreti iliyolala miezi mingi juu ya udongo wa msituni, hata kama iliondoka nyumbani na alama, yapaswa kutazamwa upya kabla haijapakiwa, kwa sababu tiba ya joto haiachi dawa ndani ya ubao. Huua waliokuwemo siku ile, na hapo kazi yake imekwisha.

Inapotokea kwamba mzigo haukutimiza masharti, kanuni inatoa njia tatu: kutibu, kuangamiza, au kurudisha ulikotoka. Uamuzi huo ni wa mkaguzi wa mimea wala si wa askari. Kazi ya askari ni kuuzuia mzigo, kumwita mkaguzi, na kuandika namba ya kiwanda iliyo kwenye alama, ili nchi iliyoitoa iulizwe. Wakati wa kungoja, mbao zisivunjwe kumtafuta mdudu, kwa maana huruka, na kontena libaki limefungwa. Kama amri ni kuchoma, zichomwe zote hapo hapo, mkaguzi akishuhudia. Vipande vyake havigawiwi kuwa kuni, hata kwa jiko la walinzi wa lango.